Ziwa la Pili la Shangazi

Siku ile kundi zima lilikuwa linanifokea, na kundi zima lilikuwa linanifuata.

Hakuna aliyetaka kwenda nilikokuwa naelekea, na hakuna aliyethubutu kunipita. Tulipanda ule mgongo wa mlima mmoja nyuma ya mwingine kama siafu wenye kisirani, na mimi, mtu mzito kuliko wote, nikiwa mbele.

Lakini kisa chenyewe hakikuanzia mlimani. Kilianzia sebuleni kwa baba mkubwa, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma.

Nisikilizeni kwa utulivu, maana jambo hili limenikuta mimi mwenyewe, na mpaka leo kuna ndugu wanaoniitikia salamu kwa nusu mdomo.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kiwanda chake: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na mabaki ya vitambaa yaliyofungwa mafungu kwa rangi. Tangu mumewe afariki ameishi humo peke yake, na hajawahi kugonga mlango wa mtu kuomba hata chumvi.

Mwaka huu alianza kusahau.

Hilo silifichi, kwa sababu nikilificha nitakuwa sina tofauti na wale ninaotaka kuwasimulia. Aliniita kwa jina la mama yangu zaidi ya mara moja. Siku nyingine aliacha pasi juu ya pazia la mteja, akaenda kufungua mlango, na aliporudi moshi ulikuwa unatokea dirishani.

Basi baba mkubwa akaitisha kikao cha familia.

Baba mkubwa ni kaka yake shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye akikohoa tu watu wananyamaza. Hoja yake ilikuwa fupi. Shangazi ahamie kwake, apewe kile chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Nyumba ifungwe. Cherehani apewe mtu mwenye macho mazima.

Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, anashonea kifungo kwenye shati la mtu, na hakuna aliyemuuliza neno.

Baba yangu, ambaye ndiye mdogo wao wa mwisho, alijaribu kusema kwamba pasi yaweza kumponyoka mtu yeyote. Baba mkubwa akamkata. Akasema tatizo si pasi, tatizo ni la siku nyingi.

"Au mmeshalisahau ziwa lake la pili?"

Sebule nzima ikacheka.

Mimi nikachemka.

Hapa inabidi niwaeleze. Mlima tunaouona kutoka kwenye mapaa ya mji wetu umo ndani ya hifadhi. Baba mkubwa aliupanda akiwa kijana, na picha yake imetundikwa sebuleni, juu ya kiti anachokalia yeye tu. Yuko mikono kiunoni, kifua mbele, nyuma yake ziwa la mviringo linang'aa kama sahani. Sehemu ya chini ya picha kuna doa jeusi ambalo tangu utotoni nilidhani ni jiwe, na ambalo mama mkubwa, mkewe, hulipangusa kila Jumamosi akidhani ni vumbi lililoganda.

Shangazi naye husema aliupanda mlima huo. Husema alifika kileleni na akaona maziwa mawili: hilo la sahani, na jingine upande wa pili, jembamba na refu, limepinda katikati kama futi ya fundi iliyoanguka sakafuni.

Baba mkubwa husema shangazi hakupanda popote. Alibaki langoni na kikapu cha chakula.

Na kila aliyewahi kupanda, akirudi, anasema ziwa ni moja.

Hivyo katika familia yetu "ziwa la pili" likawa msemo. Mtoto akidai ameoga na miguu ina vumbi, ataambiwa hilo ni ziwa la pili. Mtu akichelewa kazini na kusingizia mvua, ziwa la pili. Nimekua nikicheka nao, bila kufikiri kwamba kila tunapocheka tunamwita shangazi mwongo mbele ya watoto wa kaka zake.

Siku ile sikucheka. Nilimsogelea nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli aliyaona.

Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Mwanangu, mimi nasahau nilichokula asubuhi. Nilichokiona sijakisahau."

Nikasimama. Nikasema msiamue lolote leo, nitapanda mwenyewe nikaangalie. Kama ziwa ni moja, nitamfungia shangazi mizigo kwa mikono yangu. Kama ni mawili, hakuna atakayegusa cherehani ile.

Baba mkubwa alinitazama juu ya miwani.

"Wewe? Ngazi za maktaba ya chuo tu zinakutoa jasho."

Kicheko kingine. Kisha akalainika ghafla, na sauti yake ikawa ya upole nisioujua.

"Haya, nenda. Lakini ukifika pale tambarare, piga picha urudi. Usisogee mbele. Mbele ni korongo."

Neno hilo, korongo, nikalifunga kwenye upindo.

Chuoni kwetu kuna klabu ya wapanda milima, nami nikajiunga nayo. Kiongozi wake tunamwita Kamanda, kijana wa uhandisi mwenye kofia asiyoivua hata darasani. Kamanda ana sheria moja, na mtu akiivunja hapandi tena na klabu: mzito mbele. Mtu mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote ndiye anayeongoza msafara. Hakuna kumpita wa mbele, hakuna kumwacha wa mbele peke yake. Anakokwenda yeye, kundi linakwenda.

Ni sheria nzuri. Watu wengi wamepotea milimani kwa sababu wenye miguu myepesi walitangulia.

Ila sheria nzuri inaweza kutumiwa kumchimba mtu. Langoni mwa hifadhi, Kamanda aliwapanga watu kwa kuwatazama tu, na alipofika kwangu hakufikiri mara mbili.

"Kobe, mbele."

Jina likanata hapo hapo.

Tuliingia msituni asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Njia ilikuwa laini, mizizi imejipanga kama ngazi. Tulipita sehemu ya kwanza ya kutazamia, yenye reli za chuma na benchi, ambapo wageni hupiga picha na kugeuka. Mji wetu ulionekana chini kama maharage yaliyomwagika. Sehemu ya pili haikuwa na reli, ilikuwa na upepo tu, na msitu ukaishia hapo ukatuachia nyasi na mawe.

Nyuma yangu watu walikuwa wanaimba nyimbo za polepole makusudi.

"Kobe," Kamanda akaita, "tukifika juu nitakuwa nimeota ndevu."

"Zitakufaa. Hicho kidevu kinahitaji nguo."

Wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nikaendelea na mwendo wangu. Mwenda pole hajikwai, na mimi sikujikwaa hata mara moja.

Tukatokea tambarare.

Ilikuwa pana, imekaa vizuri kama uwanja wa kuchezea, na katikati yake kibao kikubwa cha mbao kimeandikwa KILELE. Watu walitupa mabegi chini, wakakumbatiana, simu zikatoka. Nikatembea hadi ukingoni.

Ziwa lilikuwa pale. La mviringo, linang'aa, sahani kabisa.

Moja.

Nilizunguka tambarare nzima. Upande wa kushoto, mbali chini, ni msitu. Kulia ni miteremko ya mawe. Nyuma ya kibao ni ukungu mzito na kitu cheusi ndani yake, kama bega la mtu aliyejifunika shuka. Nilirudi kwenye ziwa, nikalitazama tena, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ambao ameshaukagua.

 Niliiona cherehani ya shangazi ikitolewa mlangoni miguu juu.

Kamanda akaja na stika. Kila klabu inayofika pale hubandika stika yake kwenye kibao, na desturi yetu ni kwamba mwanachama mpya ndiye anayebandika. Kibao kilikuwa kimejaa. Nafasi pekee ilikuwa sehemu ya chini, na huko stika zilikuwa zimebandikwa juu ya stika mpaka zikawa nene kama gamba la mti.

Nikakandamiza ya kwetu. Ikateleza. Nikakandamiza tena kwa kiganja, kwa hasira ambayo haikuhusiana na stika.

Gamba lote likang'oka na kubaki mkononi mwangu.

Chini yake palikuwa na mshale.

Mshale mkubwa, umechongwa ndani ya mbao na kupakwa rangi nyeupe iliyokuwa bado safi, kwa kuwa jua halikuufikia siku nyingi. Ulielekea kwenye ukungu.

Niligeuza lile gamba. Stika za klabu yetu zilikuwa ndani yake, tabaka kwa tabaka. Wote waliofika waliuziba mshale zaidi, wakapiga picha, wakashuka kifua mbele.

"Alama ya zamani hiyo," Kamanda akasema.

"Ni mshale."

"Unaelekea wapi sasa?"

"Kileleni. Hapa hatujapanda mlima, Kamanda. Tumepanda kibao."

Alinijibu kwamba klabu hugeukia hapo, imekuwa ikigeukia hapo siku zote, na kwamba watu wana njaa. Akawaambia wafungue vyakula. Kwake mjadala ulikuwa umekwisha.

Mimi nilikuwa nafikiria korongo.

Nikasogea nyuma ya kibao taratibu, hatua ya kupima kwanza, ya kukanyaga baadaye. Nilisubiri ukungu upungue. Ulipopungua niliona ardhi inaendelea mbele yangu, mgongo mpana wa kutosha mkokoteni kupita, wenye njia iliyokanyagwa zamani na mawe yaliyopangwa pembeni na mtu.

Hakukuwa na korongo. Wala shimo. Wala ufa wa kumeza mbuzi.

Sasa niambieni. Mtu aliyefika kileleni angewezaje kusema mbele ni korongo?

Jua lilikuwa bado juu. Maji tulikuwa nayo. Njia ilionekana. Nikajisemea liwalo na liwe, nikaanza kutembea.

"Kobe, rudi hapa."

Sikugeuka. "Mimi ndiye wa mbele."

Nikapiga hatua nyingine.

"Acha masihara, Kobe. Tumeshafika."

"Sheria ni yako. Hakuna kumpita wa mbele, hakuna kumwacha wa mbele peke yake."

Nilisikia upepo. Nikasikia mtu akicheka, akanyamazishwa. Kisha nikasikia mabegi yakiinuliwa moja moja, na matusi ya kila namna, na nyayo.

Hivyo ndivyo walivyonifuata. Kuna aliyesema nitawaua kwa njaa. Kuna aliyesema wanawake wakishaingiwa na jambo kichwani basi. Huyo nilimwambia apite mbele yangu kama anaweza. Hakupita. Sheria ilikuwa inamfunga yeye kama ilivyonifunga mimi asubuhi nzima.

Njia ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda kwa ukali. Pumzi zilinikatika. Hakuna aliyeimba tena, na nyuma nilisikia hata wenye miguu myepesi wanahema.

Halafu mlima ukaisha.

Palikuwa na rundo la mawe, na upepo uliotaka kunivua kitambaa cha kichwani. Ukungu ukapasuka.

Kushoto, sahani.

Kulia, chini kabisa, maji membamba na marefu yamelala bondeni, yamepinda katikati, kama futi ya fundi iliyoanguka sakafuni na hakuna aliyeinama kuiokota.

Sikulia. Nilicheka kwa sauti mpaka mwangwi ukanijibu.

Nilirekodi video nikizunguka polepole, ziwa hadi ziwa. Ndani yake Kamanda anasikika wazi, sauti imemnywea: "Jamani. Kumbe siku zote hizi tumekuwa tukipanda kibao."

Hapo alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba ana upara.

Kikao kilikaa tena Jumapili. Makochi yale yale, vitambaa vile vile, baba mkubwa kwenye kiti chake chini ya picha yake. Shangazi alikuja na begi la kazi, akatoa sketi ya mteja na kuanza kukunja upindo.

Niliipitisha simu mkono kwa mkono. Baba yangu aliitazama video mara mbili, akaanza kusugua paji la uso. Binamu zangu, waliokulia kwenye msemo wa ziwa la pili, wakawa hawajui waangalie wapi.

Baba mkubwa aliishika simu mbali na uso kama kitu kilichooza.

"Siku hizi simu zinatengeneza picha za chochote."

"Na sauti za watu wote hawa zimetengenezwa?" baba akauliza.

Baba mkubwa akasema hata kama ziwa lipo, bado haithibitishi kwamba shangazi alifika. Huenda alisimuliwa na mtu. Yeye alimwacha langoni na kikapu, na neno lake linajulikana.

Nilijua ninachotaka kumuuliza. Nilijua pia kwamba binti hamuulizi baba mkubwa swali la namna hiyo mbele ya watu. 

"Baba mkubwa, naomba unisaidie jambo moja. Lile korongo liko wapi?"

Alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Uliniambia mbele ya tambarare ni korongo. Nimepita hapo kwa miguu yangu. Hakuna."

"Kaka?" baba yangu akasema, polepole sana.

Ndipo shangazi akacheka. Si kicheko cha kukomoa. Kilikuwa kile cha mtu aliyepata sindano iliyopotea.

"Korongo lilikuwepo," akasema. "Lilikuwa tumbo lake. Nilimwacha pale tambarare na kikapu kimejaa, nikaenda juu. Niliporudi kikapu kitupu."

Mtu akapaliwa na maji.

Baba mkubwa akainuka, akasema hatakubali kutukanwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shangazi hakuinua hata sauti. Aliinua sindano tu, akaielekeza ukutani.

"Hivi nyie, miaka yote mnaitazama hiyo picha. Mlidhani ilijipiga?"

Sote tukageuka.

Mama mkubwa ndiye aliyesimama. Alienda ukutani, akaishusha picha, akaipeleka dirishani penye mwanga. Alisugua lile doa jeusi chini kwa kona ya kanga yake kama alivyofanya kila Jumamosi. Kisha akaacha kusugua.

Halikuwa jiwe, wala vumbi.

Kilikuwa kivuli. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya mpiga picha, na kivuli chake kimelala juu ya nyasi mpaka karibu na viatu vya baba mkubwa. Viwiko vimeinuka kushika kamera. Kitambaa kichwani, fundo limesimama kama sikio. Na chini, sketi pana iliyojaa upepo.

"Wifi," mama mkubwa akasema bila kugeuka, "mimi nilikubali kuolewa na mpanda milima."

"Najua, wifi. Ndiyo maana nilinyamaza. Kaka alikuwa anatafuta mchumba."

Baba mkubwa alikaa. Alionekana mdogo kwenye kile kiti kikubwa, na nikiri kwamba nilimhurumia, kwa kiasi.

Baba yangu alimuuliza dada yake kwa nini alivumilia kuitwa mwongo muda wote huo wakati ushahidi umetundikwa ukutani. Shangazi alifikiri.

"Nilisema nilichokiona mimi. Asichokiona yeye haikuwa kazi yangu kukitangaza. Ila leo anataka cherehani yangu." Akavuta uzi, akafunga fundo. "Pasi niliisahau, ni kweli. Nitasahau na mengine. Lakini mimi nimesahau pasi tu. Yeye amesahau mtu aliyempiga picha."

Hata kura haikupigwa. Hoja ya stoo ilijifia yenyewe pale kwenye kochi.

Shangazi yuko nyumbani kwake. Nimehamishia vitabu vyangu huko, natokea hapo kwenda chuoni, na pasi tumenunua ile inayojizima yenyewe. Bado ananiita kwa jina la mama siku nyingine, na siku hizo naitika. Lakini mkono wake ukiwa juu ya kitambaa, hausahau kitu.

Klabu ilirudi mlimani na brashi. Tulikisugua kibao mpaka mshale ukaonekana kutoka mbali, na Kamanda mwenyewe akapiga marufuku stika. Bado mimi ndiye wa mbele. Bado naitwa Kobe. Ila sasa wanalitamka kwa heshima, kama cheo.

Nanyi mnaosoma haya, mtakutana na vibao vingi vilivyoandikwa KILELE, na watu wenye sauti nzito watakaowaambia mbele ni korongo. Msibishane nao sana. Sogeeni mkaangalie. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na mimi nimeipima kwa miguu: inaishia pale penye chakula. Na mkionyeshwa picha ya shujaa yeyote, kabla ya kupiga makofi, ulizeni kamera ilikuwa mikononi mwa nani.

Ile picha mama mkubwa ameirudisha ukutani, mahali pake pale pale. Mgeni akiingia na kuuliza huyo ni nani, mama mkubwa huanza kumtambulisha kuanzia chini.

"Huyu hapa, mwenye sketi, ni wifi yangu. Ndiye aliyefika."